Mashine Iliniuliza Habari, Nikaiitikia

Leo nimeadhirika, jamani. Mchana kweupe, mwanangu mgongoni, mama mkwe pembeni, na aibu yenyewe imerushwa kwenye runinga.

Nimepiga ngumi kaunta ya hospitali. Ngumi kabisa, mpaka kikopo cha kalamu kikaruka na kalamu zikatawanyika kama korosho kwenye mkeka. Nikamkazia macho kijana wa watu: "Umefaulu nini? Sema mbele ya hawa wote! Huo mfumo wako umefaulu nini?"

Foleni nzima ikanishangilia. Nikajiona mbunge. (Ubunge wenyewe haukufika hata kwenye posho.)

Ngojeni nianze mwanzo, maana nikiishia kwenye ngumi mtaniona mgomvi tu.

Mnamjua Nasra wangu. Kwa wasiomjua, ni mwanangu wa kwanza, ameanza kutembea juzijuzi, na anapenda ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kuliko anavyonipenda mimi. Jicho lake la kushoto lina kitu cheupe katikati ya mboni, kama tone la tui. Akitaka kukutazama vizuri anainamisha kichwa upande, kama kuku anayemwangalia mwewe. Watu wanacheka, wanasema ana madaha. Mimi sicheki. Nesi wa zahanati yetu hapa Msimbati alimmulika tochi akaniambia ni mtoto wa jicho, kisha akaongeza maneno ambayo tangu siku hiyo nalala nayo na kuamka nayo: "Mama Nasra, usichelewe. Jicho la mtoto likizoea giza, hata likisafishwa baadaye linakuwa limeshasahau kuona."

Ikatangazwa kwamba daktari bingwa wa macho anakuja Mtwara mjini. Siku chache tu, kisha anaondoka, na hatarudi mpaka msimu wa korosho upite. Anayetaka kuonwa ajiandikishe kwa simu: unatuma meseji yenye jina la mgonjwa na kijiji chako, mfumo wa hospitali unalipeleka jina kwenye orodha ya daktari. Rahisi, si ndiyo?

Nikatuma. Jamani, jibu lilirudi kabla sijaweka simu chini! "Hongera. Ombi lako limepokelewa." Na siku ya kwenda nikapewa, siku ya mwisho ya daktari, yaani leo. Wifi yangu anayekaa kule mjini, Ufukoni, alituma lake muda uleule, akaambiwa jaribu tena, akajaribu, akaambiwa subiri, akasubiri mpaka maharage yakaungua jikoni. Nikampigia simu kumcheka. Nikamwambia, "Leo na sisi wa shamba tumependelewa, nyie wa mjini mlie." (Mungu alikuwa anasikiliza.)

Haikupita hata dakika, ikaingia meseji nyingine kutoka hospitali: "Habari ya huduma yetu?"

Nikajibu: "Nzuri, za huko?"

Acheni kucheka. Nimelelewa. Ukisalimiwa unaitika, na ukiitika unauliza na wewe. Tuendelee.

Leo tumetoka baada ya swala ya alfajiri, mshikaki kwenye bodaboda moja: dereva, mimi, Nasra katikati, na mama mkwe wangu Bi Somoe nyuma na kikapu cha ming'oko. Barabara yetu mnaijua. Gesi inatoka chini ya miguu yetu inakwenda zake bombani imenyooka kama rula, sisi wenyeji tunaogelea mchangani. Tukafika pale kwenye mchanga mwingi (waliopita wanapajua) pikipiki ikayumba, ikapiga chafya, ikalala. Na sisi tukalala nayo. Hakuna aliyeumia. Nasra alicheka. Mimi nilikuwa na mchanga mpaka ndani ya sidiria.

Nikiwa bado nimekaa chini, simu ikalia. "Leo ni siku ya miadi yako. Habari ya huduma yetu?"

"Nani huyo?" Bi Somoe akauliza, anajikung'uta.

"Hospitali, mama. Wanauliza habari."

"Sasa si uitike! Ntu anakusalimu asubuhi yote hii, wewe unaikodolea macho tu simu?" (Bi Somoe ni Mmakonde wa damu. Mtu kwake ni ntu, na hakuna wa kumrekebisha.)

"Mama, ni mashine hii."

"Mashine inayosalimu watu ina adabu kukuzidi wewe. Itika."

Nikaitika. "Nzuri." Mchanga ukidondoka kwenye kioo cha simu.

Tukafika hospitali, sitaitaja, nisije nikashtakiwa juu ya haya yaliyonikuta. Ukumbi wa kusubiri umejaa. Juu ya dirisha la mapokezi wamening'iniza runinga kubwa, na kwenye runinga kuna mistari inapanda na kushuka, pembeni taa ya kijani, na maandishi: MFUMO MPYA. AFYA: NZURI.

Bi Somoe hasomi, lakini rangi anazijua. "Kile cha kijani kinasemaje?"

"Kinasema mfumo una afya nzuri, mama."

Akawatazama watu walivyojaa kwenye mabenchi, mwingine kafungwa bandeji, mwingine anaongozwa na mjukuu. "Basi yeye ndiye mzima peke yake humu ndani."

Tukakaa. Majina yalikuwa yanaitwa, na aliyeitwa aliingia kwa daktari. Wifi yangu alikuwa ameshaitwa asubuhi na mapema, tukapishana naye akitoka na dawa yake ya matone mkononi. Akaniangalia, akapita. Kicheko changu cha simu alikuwa anakikumbuka.

Wakaitwa wa Ufukoni. Wakaitwa wengine wa mjini. Wa Msimbati, kimya. Wa vijiji vyote vya pwani yetu, kimya. Nasra akala ming'oko, akalala, akaamka, akala tena. Kisha mwitaji naye akanyamaza.

Nikaenda dirishani.

"Dada, shikamoo." (Ni mdogo wangu yule, lakini shida haina umri.)

"Marahaba. Jina la mgonjwa?"

Nikalitaja. Akabonyeza, akatazama, akabonyeza. "Halipo."

"Lipo. Meseji hii hapa."

"Meseji naiona, dada. Jina silioni."

"Sasa meseji imetoka wapi kama jina halipo?"

"Imetoka kwenye mfumo."

"Na jina limekwenda wapi?"

"Mfumo unaonyesha hakuna tatizo lolote," akasema, na akanionyesha juu kwa kalamu. Taa ya kijani.

Hapo hapo, nimesimama pale pale, simu ikalia mkononi. Wenyewe mnajua inasemaje. "Habari ya huduma yetu?"

Nikaanza kuandika M, nikaandika B. Nyuma yangu nikasikia pumzi ya mama mkwe begani.

"Unaandika nini?"

"Naandika mbaya, mama. Kwa sababu ni mbaya."

"Thubutu! Ntoto yuko hospitali, hajaonwa hata, wewe mama yake unataja ubaya kwa mkono wako mwenyewe? Maneno yanaumba! Futa."

Mimi ni mwanamke mkali, mnanijua. Dereva wa bodaboda ananiogopa, baba Nasra ananiogopa. Lakini mtu akikwambia maneno yanaumba huku mwanao anakuangalia kwa jicho moja, utafuta tu. Nikafuta. Nikaandika, "Nzuri, tunashukuru." Nikatuma.

Ndipo akatokea kijana.

Mwembamba, shati limechomekewa, kadi shingoni, kompyuta kwapani, lafudhi ya bara kabisa. Fundi wa mfumo. Ana furaha usoni utadhani mkewe amejifungua mapacha. Akaiweka kompyuta juu ya kaunta na kumwambia yule dada wa dirishani, kwa sauti, maana hakuona sababu ya kunong'ona:

"Toleo jipya limefaulu! Si tulianza kuwajaribishia wa vijiji vya pwani peke yao, wa mjini tukawaacha kwenye la zamani? Mashine imelinganisha yenyewe. Jipya limeshinda kila kipimo. Sasa hivi linasambaa kwa wote."

Sijui mkono ulinyanyuka lini. Nilisikia tu ngumi imeshatua na kalamu zinaruka.

"Umefaulu nini?"

Hapo ndipo mliponikuta mwanzo.

"Mwambie, mama!" Mwanaume mmoja aliyefungwa bandeji jicho la kulia alipaza sauti kuliko wote. "Wametuweka hapa kama mabibo yaliyooza!"

Kijana akarudi nyuma hatua. "Dada yangu, naomba tuelewane. Sipitishi mimi. Mashine inapima yenyewe. Inaangalia mfumo unajibu kwa kasi gani, unafanya makosa mangapi, na wagonjwa wanasemaje. Toleo jipya lingefanya vibaya, mashine ingerudisha toleo la zamani bila hata kuniuliza. La zamani linakwama, linasema jaribu tena. Jipya linajibu papo hapo."

"Hata mgahawani," nikamwambia, "kuna mhudumu anasema 'naleta' haraka kuliko wenzake wote. Chakula hakiji!"

Ukumbi ukalipuka. Nilikuwa moto, wallahi. Nikamgeukia kila mtu, Nasra mgongoni anapiga makofi.

Kijana masikio yakamwiva. "Na wagonjwa je? Nyie wenyewe mmesema huduma ni nzuri!"

"Nani kasema?"

"Nyie. Wa pwani. Karibu wote."

"Mwongo!" ukumbi ukaitika.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasema maneno ambayo natamani ningeyameza na ming'oko: "Mwonyeshe! Mwonyeshe huyo mnafiki hapa, tumwone sura!"

Akabonyeza. Kumbe kompyuta yake ndiyo iliyounganishwa na ile runinga. Mistari ikatoweka, yakaja majibu yetu, herufi kubwa kama za bango. Akasoma kwa sauti:

"Msimbati. Mgonjwa ni mtoto, jicho. Jibu la kwanza: 'Nzuri, za huko?'"

Mtu akacheka puani. Kisha benchi. Kisha ukumbi.

"Nani huyo anaisalimia mashine?" akauliza yule wa bandeji, machozi yanamtoka kwenye jicho zima. "Ilimjibu?"

Nikatazama dari. Dari yao ina buibui wengi sana, hilo nalo lipimwe.

"Jibu la pili: 'Nzuri.' La tatu: 'Nzuri, tunashukuru.'" Kijana akaangalia saa, akaniangalia mimi. "Hili la tatu limetumwa sasa hivi. Kutoka humu humu ndani."

Ningeweza kuponea hapo. Ningeweza kugeuka pamoja na wengine kumtafuta huyo mwehu. Lakini Bi Somoe alisimama. Alijitengeneza kanga. Alinyoosha kidole juu yangu mbele ya umma wa Mtwara:

"Ni nkwe wangu huyo! Salamu zote tatu nimemwitikisha mimi. Ana adabu sana."

Jamani.

Jamani!

Watu walilala kwenye mabenchi. Dada wa dirishani alijificha chini ya kaunta, akajifanya anaokota kalamu. Mimi niliyetoka kupiga ngumi nikabaki nimeshika kaunta ileile ili nisianguke.

Kijana, ushindi umemkaa vizuri, akaendelea kusoma. Jibu lililofuata: "Nzuri sana mkuu, ila jicho ndo limeziba kabisa." Yule wa bandeji akaacha kucheka. Akaanza kujikuna shingo.

La baada yake: "Nzuri alhamdulillahi. Mama haoni toka juzi."

La baada yake: "Nzuri. Tumezika jana."

Hilo kijana alilisoma taratibu, na alipomaliza hakuendelea. Kulikuwa na mama mmoja mwisho wa benchi amejifunika kaniki mpaka usoni. Hakuna aliyemwuliza. Tulijua ni lake.

"Mmefiwa mnasema nzuri?" kijana akauliza, na safari hii hakuwa anabishana.

Bi Somoe akamjibu, "Kwani kwenu mkiulizwa habari mnasemaje?"

Kijana akaitazama runinga. "Tunasema nzuri," akasema.

"Basi wewe tulikuwa tunakuitikia salamu," nikamwambia. Sauti haikuwa tena ya ubunge. "Wewe ukawa unahesabu kura."

Akakaa kwenye benchi letu, kati yangu na kikapu cha ming'oko, kompyuta mapajani. Alibonyeza muda mrefu. Kisha akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Majina yamepokelewa. Yote yapo. Ila hayajapelekwa kokote." Toleo jipya lilikuwa linapokea jina, linakupongeza, linakusalimu, basi, kazi imeisha. Kwa daktari halikupeleka hata moja. Halikukosea kwa sababu halikuwa linafanya kitu. Na lilikuwa na kasi kwa sababu hiyohiyo. (Nina shemeji wa namna hii.)

Akarudisha lile la zamani. Runinga ikageuka nyekundu, ikakwama, ikasema jaribu tena, na sijawahi kufurahia rangi nyekundu namna ile. Majina yakaanza kushuka moja moja kwenye orodha ya daktari. Nikaliona la Nasra. Watu wakapiga makofi. Bi Somoe akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha hospitali.

Mlango wa chumba cha daktari ukafunguka, akatoka nesi ameshika mkoba wake, anakwenda nyumbani.

"Mbona makofi?" akauliza. "Daktari ameshaondoka. Leo amemaliza mapema, watu walikuwa wachache."

Akatuangalia tulivyojaa, tabasamu likampotea. "Alikaa ndani muda mrefu hana mtu. Akaniuliza kama kuna mwingine, nikatazama orodha, nikamwambia hakuna. Akauliza tena. Nikatazama tena." Akashika kifua. "Ametokea mlango wa nyuma, gari limeshampeleka uwanja wa ndege."

Mlango ule ni wa mbao nyembamba. Benchi letu lilikuwa ubavuni pake, na asubuhi nzima nilikaa hapo namwimbia mwanangu.

Kwa furaha nilikuwa nimemkalisha Nasra juu ya kaunta. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anaitazama ile nyekundu ya runinga kwa jicho lake moja, ananyoosha mkono aikamate.

Kijana alisimama mbele yangu. Sauti yake haikuwa na lafudhi ya bara tena wala ya pwani. "Dada, pole sana."

Na mimi nikajibu, "Asante, nimeshapoa."

Sijapoa! Nani kapoa? Nilijing'ata ulimi nikasikia chumvi, lakini lilikuwa limeshatoka lenyewe, kama yale matatu. Kijana alinielewa. Akasema, "Usiniambie umepoa. Andika malalamiko rasmi, yakiandikwa lazima yajibiwe. Na mimi nitasaini kwamba nimeona." Dada wa dirishani akanipa karatasi na mojawapo ya kalamu nilizorusha.

Nikaandikia pale pale benchini. Bi Somoe akawa ananisimamia: "Anza na salamu." Nikamwambia, mama, leo sianzi.

Nimeyanakili hapa chini kama yalivyo, na muhuri wa kupokelewa nimegongewa. Anayemjua daktari wa macho wa watoto, popote alipo, aniandikie hata usiku. Anayetaka kucheka, achekee kwake. Na nawaomba sana wote: leo mtu asiniulize habari.

KWA MKUU WA HOSPITALI

YAH: MFUMO WA MIADI NA JICHO LA MWANANGU

Sitoi salamu. Nikizitoa mtazihesabu.

Mwanangu Nasra alikuwa nje ya mlango na daktari alikuwa ndani ya mlango, na mfumo wenu ukasema una afya nzuri. Daktari ameondoka. Jicho la mwanangu halisubiri msimu wa korosho upite. Naomba mmrudishe daktari, au mtupeleke alipo, kwa gharama yenu, mimi na mwanangu na wenzangu wote wa pwani ambao majina yao yamo kwenye kompyuta ya fundi wenu.

Majibu yangu matatu ya "nzuri" nayafuta kuanzia leo. Ilikuwa adabu.

Mashine yenu ikitaka kujipima tena, isituulize habari. Kwetu habari haijawahi kuwa mbaya, hata msibani. Ituulize kama daktari ametuona, ndiyo au hapana. Hapo tutasema kweli.

Mama Nasra, Msimbati.

Shahidi: Bi Somoe, mama mkwe, dole gumba. Anawasalimu sana. Hiyo msiihesabu.